Kulinda Ubaridi wa Chanjo kutoka Kigoma Mjini hadi Vijiji vya Mwambao

Chanjo za watoto hutunzwa kwenye friji kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi, na kipimo kisomwe na kuandikwa asubuhi na jioni kila siku, hata Jumapili. Wengi huogopa joto pekee, ilhali kuganda huharibu kabisa chanjo ya pepopunda, ya homa ya ini B na ya pentavalenti, yaani chanjo moja inayokinga magonjwa matano. Kwa hiyo, kabla ya kupanda boti kuelekea vijiji vya kusini mwa Ziwa Tanganyika, toa vipakiti vya barafu kwenye friza na uviache nje mpaka ukitikisa kimoja usikie maji yakicheza ndani. Ndipo uvipange kwenye kibebea chanjo pamoja na kipimajoto, ufunge kifuniko barabara na ukiweke kivulini, mbali na injini. Nakusihi usiiharakishe hatua hiyo. Ukifika, tazama alama ya kila kichupa, ile inayobadilika rangi chanjo ikipatwa na joto: mraba wa ndani ukiwa na rangi sawa na duara linalouzunguka, au umekolea zaidi, kichupa hicho kisitumike. Kipimo kikishuka chini ya nyuzi 0, zitenge chanjo zinazodhuriwa na kuganda na umjulishe mratibu wa chanjo wa wilaya.