Kupima asidi ya siki: chagua kiashiria kwanza, ndipo ufungue bureti

Siki nyingi za dukani huandikwa 5%, yaani gramu 5 za asidi asetiki katika kila mL 100. Kuhakiki maandishi hayo kunahitaji bureti (mrija wenye alama za mL na koki ya kufungulia chini), pipeti ya mL 25 (mrija wa kuvuta ujazo mmoja kamili), chupa za ujazo, chupa-koni na sodiamu haidroksidi, ile ambayo watengeneza sabuni huiita kostiki. Vaa miwani ya kinga. Kostiki ikiruka jichoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali. Usijaribu kuibatilisha kwa siki.

Anza na kostiki. Pima gramu 4, zitie kwenye maji yaliyotoneshwa (kamwe usimwagie maji juu ya kostiki), koroga, acha ipoe, kisha jaza hadi lita 1. Kwa hesabu hiyo ni moli 0.1 kwa lita (moli ni kipimo cha wanakemia cha wingi wa dutu), lakini usiiamini bado. Chembe za kostiki hufyonza unyevu na hewa ya ukaa hata zikiwa juu ya mizani, kwa hiyo sehemu ya gramu zile 4 si kostiki tena. Ipime kwa asidi oksaliki ya fuwele, ambayo hutulia hewani: gramu 1.576 katika mL 250 hutoa moli 0.05 kwa lita. Kila moli yake hubatilisha moli 2 za kostiki, hivyo mL 25 za asidi hii zingemaliza mL 25 za kostiki iliyo sawasawa. Zikimaliza 25.6, kostiki yako ni 0.0977, na hiyo ndiyo namba ya kuingiza kwenye hesabu. Asidi oksaliki ni sumu; vuta kwa mpira wa pipeti, si kwa mdomo.

Siki nayo izimue mara kumi: mL 25 ndani ya chupa ya mL 250, jaza maji hadi alama. Bila hivyo ungehitaji kostiki zaidi ya mL 200 kwa kipimo kimoja.

Kusuuza ndiko kunakoharibu majibu ya wengi. Bureti isuuzwe kwa kostiki, pipeti kwa siki iliyozimuliwa, lakini chupa-koni kwa maji matupu. Ukiisuuza kwa siki, matone yanayobaki ukutani ni asidi ambayo hukuipima. Ondoa faneli juu ya bureti, na hakikisha hakuna kiputo cha hewa chini ya koki. Kikitoka katikati ya kazi, nafasi yake itasomeka kama kostiki iliyotumika. Soma chini kabisa ya mbonyeo wa kimiminika, jicho likiwa usawa wake.

Sasa kiashiria, yaani dawa inayobadilika rangi kuonyesha asidi imekwisha. Vuta mL 25 za siki iliyozimuliwa kwa pipeti, zitie kwenye chupa-koni, kisha tia matone 2 au 3 ya kiashiria kiitwacho fenofthalini. Mwanzoni kila tone la kostiki linaacha wingu la waridi linalotoweka papo hapo. Wingu likianza kuchelewa kutoweka, punguza kasi: tone moja, tikisa, tone jingine. Acha pale waridi hafifu, ile inayoonekana tu ukiweka karatasi nyeupe chini, inapodumu sekunde 30. Ikififia baadaye usiongeze kitu. Ni hewa ya ukaa inayoingia. Waridi iliyokolea maana yake umepitiliza.

Kwa nini si methili oranji, kiashiria kingine? Chukua siki ya 5% kamili, ambayo itamaliza mL 20.8 za kostiki. Kati ya mL 5 na mL 15.6, pH (kipimo cha uasidi; namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) inapanda kutoka karibu 4.3 hadi 5.2 tu. Hapo ndani asidi asetiki na asetati ya sodiamu ziko pamoja, nazo ni bafa: kila kostiki inayoingia inamezwa na asidi iliyobaki. Methili oranji hubadilika kati ya pH 3.1 na 4.4, kwa hiyo itageuka polepole na kuwa njano kabisa karibu na mL 6.5, theluthi mbili ya asidi ikiwa bado haijaguswa. Mwisho wa kweli uko karibu na pH 8.7, kwa kuwa asetati inayobaki ni besi hafifu. Hapo matone mawili tu yanairusha pH kutoka 7.4 hadi 10, na fenofthalini, inayogeuka kati ya 8.3 na 10, imekaa hapohapo.

Kipimo cha kwanza ni cha kukisia. Rudia hadi upate vitatu visivyopishana zaidi ya mL 0.1, chukua wastani. Zidisha wastani kwa namba ya kostiki, gawanya kwa 25, zidisha kwa 10 kurudisha mzimuo, kisha kwa 60.05. Hizo ni gramu kwa lita. Gawanya kwa 10 upate asilimia. Kwa mL 20.8 za kostiki ya 0.1, jibu ni 5.0.

Mwaga kostiki iliyobaki kwenye bureti na uioshe siku hiyohiyo: koki ya kioo ikilala nayo, kesho haitazunguka.