Somo: Mtego wa ndizi wa kunasia vipepeo kihambani (shamba la migomba la nyumbani)

Ndugu wanachama, vipepeo wa jenasi ya Charaxes hawashughuliki sana na maua. Wao hufuata matunda yaliyooza, utomvu wa miti na hata kinyesi cha wanyama, kwa hiyo kwetu Marangu, ambako ndizi hazikosekani, kuwatega ni rahisi kuliko kukimbizana nao kwa wavu.

Hatua ya 1. Ponda ndizi tatu zilizoiva sana, ongeza mbege (pombe ya ndizi) kidogo, funika, uache siku mbili au tatu mpaka zichachuke.

Hatua ya 2. Shona neti iwe mfano wa bomba lenye urefu wa karibu mita moja, lililofungwa juu na kuachwa wazi chini, kisha tundika sahani ya chambo chini ya mdomo wake, ukiacha nafasi ya vidole vinne. Kipepeo huingilia nafasi hiyo, na akishtuka huruka kwenda juu badala ya kurudi alikopitia.

Hatua ya 3. Ning'iniza mtego kwenye mringaringa, panapopata jua la asubuhi, na uukague kila siku.

Hatua ya 4. Mshike kifuani, mabawa yakiwa yamefumbana. Ule unga unaobaki vidoleni ni magamba yanayompa rangi. Wengi wapige picha uwaachie. Unayemhifadhi mtie katika bahasha ya pembetatu, na papo hapo uandike mahali, mwinuko, tarehe na jina lako. Ninacho kisanduku kizima cha mwaka wangu wa kwanza, chenye vipepeo wazuri mno, ambacho hakimfai mtafiti yeyote kwa kuwa sikuandika hata tarehe.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Chandarua nilichopewa kliniki kinafaa?
Marahaba, binti yangu. Hakifai, kwa sababu nyuzi zake zina dawa ya kuua wadudu. Nunua neti ya pazia.

Sisimizi wanamaliza chambo.
Paka grisi kwenye kamba.

Ninaweza kutega ndani ya hifadhi?
Bila kibali, hapana. Kilimanjaro ni hifadhi ya taifa tangu 1973, na watafiti hupitia TAWIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, Arusha. Huko juu msituni yuko kipepeo aitwaye Papilio sjoestedti, anayepatikana katika milima michache tu ya kaskazini mwa Tanzania, aliyepewa jina la Yngve Sjöstedt, Mswidi aliyeongoza msafara wa Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 hadi 1906. Ukimwona, mpige picha na uandike mwinuko.