Bishaneni Bei: Kanuni za Uchawi na Safari za Wakati Mezani

Mchezo wowote wa kuigiza wahusika, ule ambao mmoja anaendesha hadithi na wengine kila mtu ana mhusika wake, siku moja utakwama kwa ubishi. Mmoja anasema mganga wake anaweza kugeuka ndege. Mwingine anauliza, na nguo zake je? Wa tatu anataka kujua kwa nini asigeuke simba kabisa amalize kazi. Chai inapoa, dadu zimelala mezani, na hakuna aliyegeuka chochote.

Ubishi wenyewe si mbaya. Mimi naupenda kuliko mapigano. Ubaya ni kubishania jambo lisiloamulika, na swali la "inawezekana?" haliamuliki, kwa sababu kwenye hadithi kila kitu kinawezekana. Bei ndiyo inayoamulika. Inagharimu nini, analipa nani, analipa lini, na sisi wengine tutamwona akilipa? Mkizoea kuuliza hayo manne, nusu ya kelele itaisha yenyewe.

Sisi hukutana South B, Nairobi, Jumamosi mchana, sebuleni kwa muuguzi mmoja mwenye meza kubwa. Kuna fundi wa simu kutoka Luthuli Avenue, kuna mwalimu wa fizikia, kuna vijana wawili wa chuo, na mimi niliye karani katika ofisi ya mawakili. Mezani tunaitana Fundi, Mwalimu, Sista. Mimi ni Karani, na daftari la kanuni liko kwangu. Hadithi yetu inatokea Nairobi ya miaka michache baada ya reli kufika mwaka 1899, mji ukiwa bado ni mahema, mabati na tope.

Kabla ya dadu la kwanza

Andikeni orodha mbili, ya Ndiyo na ya Hapana. Wazo hili tumelichukua kwenye mchezo wa Microscope, uliotungwa na Ben Robbins mwaka 2011. Kwenye Ndiyo mnaweka vitu ambavyo mtu asingevitarajia lakini vitaruhusiwa. Kwenye Hapana, vile ambavyo mtu angevitarajia lakini havitakuwepo. Kila mchezaji anaongeza chake kwa zamu na hadaiwi sababu. Kwetu, Ndiyo ina ramli isiyokosea, mizimu ya kinamasi na fisi wanaosema. Hapana ina kufufua wafu, kuingia mawazoni mwa mhusika wa mwenzako, na kurudi nyuma katika wakati ili dadu baya lisitupwe. Hiyo ya mwisho iandikeni hata kama hakuna aliyeitaja. Atatokea mtu.

Kuna Hapana nyingine ambayo hapa kwetu haikwepeki. Uchawi kwa wengine si mchezo. Pwani na Kisii kuna wazee waliouawa kwa kusingiziwa, na Kenya ina Sheria ya Uchawi tangu 1925, sura ya 67, inayomshtaki mtu anayejidai mchawi mwenye uwezo wa kutisha au kudhuru wenzake. Kwa hiyo mezani kwetu hakuna kabila lililo na uchawi kuliko jingine. Utani wa Kitui, kwamba huko ndiko kwenye wachawi, unaachwa mlangoni pamoja na viatu.

Kupanga bei ya uchawi

Mifano mizuri ya kanuni za uchawi tunayo tangu zamani. Luanda Magere wa Wajaluo alikuwa na mwili wa jiwe, mikuki ilimgonga ikadunda, lakini uhai wake ulikuwa kivulini. Fumo Liyongo wa Pwani hakuuawa kwa kitu kingine ila shaba iliyochomwa kitovuni. Angalia hadithi hizo zinavyopangwa: nguvu ni kubwa mno, mlango wa kuingilia ni mdogo, na anayeujua mlango ni mtu wa ndani ya nyumba. Liyongo aliuawa na mwanawe. Magere alisalitiwa na mke aliyetoka kwa adui. Mhusika wa hivyo haleti ubishi wa "inawezekana?", kwa sababu kila mtu mezani anasubiri kuona siri itamtoka lini.

Michezo mikubwa nayo inajua jambo hili. Dungeons & Dragons, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ina uchawi unaoitwa Wish, wa kutamani karibu chochote. Katika kanuni za 2014, ukiutumia nje ya kazi yake salama kuna asilimia 33 kwamba hutaweza kuutumia tena maishani. Hakuna anayebishia ukubwa wa Wish. Wanabishia kama leo ndiyo siku ya kuutumia.

Sasa nikuonyeshe bei moja tuliyoipanga sisi. Fundi alitaka hirizi ya kuzuia risasi. Vijana wa chuo wakasema hapana, itaua mchezo, hakuna askari atakayetisha tena. Ukaanza mjadala wa chuma na shaba, wa bunduki ndogo na kubwa. Sista akakatiza: "Fundi, ikizuia, wewe unapoteza nini?" Wakapatana hivi: kila risasi inayozuiwa, mvaaji anasahau mtu mmoja. Upande wa nyuma wa karatasi ya mhusika Fundi aliorodhesha watu wa kijijini kwao, na kila risasi ikija anachagua jina na kulikata kwa kalamu. Mwanzoni alikata kwa raha, jirani mwenye mbuzi, mwalimu wa madrasa. Baadaye alianza kuinama mvunguni risasi zikija, ilhali hirizi iko shingoni. Majina yaliyobaki yalikuwa la mama na la dada. Hakuna mtu aliyerudi kuuliza kuhusu bunduki kubwa.

Kwa hiyo bei iwe kitu ambacho mchezaji anakithamini, si namba tu. Na ilipwe mbele ya wote. Bei ya kulipwa "baadaye" haitalipwa, namwambia mtu yeyote anayenisikiliza, na ofisini pia nawaambia.

Nani aongee, kwa muda gani

Ubishi ukianza, mwenye kufaidika na jibu anasema mwisho. Utaona ubishi unavyopoa. Wasio na faida wanaongea kwanza, na mara nyingi wanakuwa wakarimu kuliko alivyodhani. Muda ni wa maji ya chai kuchemka: sufuria inabandikwa, mnabishana, ikichemka mwendeshaji anaamua. Uamuzi wake ni wa leo tu. Unaandikwa daftarini na alama ya kuuliza pembeni, na kikao kikiisha mnaurudia bila haraka, wakati hakuna mhusika aliyening'inia kwenye daraja.

Mpole wa meza aulizwe kwa jina. Wengine wetu tumekulia nyumba ambazo mdogo hamkatizi mkubwa, na mwalimu akishasema, darasa limefungwa. Mwalimu wetu analijua hilo, huwa anajizuia. Karibu kila mara.

Safari za wakati

Hapa pahitaji uangalifu zaidi, maana uchawi mbaya unaharibu pambano moja, lakini safari ya wakati iliyopangwa vibaya inaharibu hadithi yote mliyokwisha kucheza.

Chagueni mojawapo ya njia tatu mapema. Ya kwanza, wakati ni mstari mmoja na haubadiliki. Ukirudi nyuma, ulikuwa tayari umerudi, na ulilolifanya ni sehemu ya yaliyotokea. Mwanafizikia Mrusi Igor Novikov aliitetea fikra ya namna hiyo katika miaka ya 1980. Ya pili, kila badiliko linazaa tawi jipya la ulimwengu. Ya tatu, wakati unafutika na kuandikwa upya. Ya tatu inavutia vijana na inamtesa mtunza daftari: kila kikao mnauliza nani anakumbuka nini. Ya pili inapunguza uchungu, kwani ukimwokoa ndugu kwenye tawi lingine, wako bado yuko kaburini. Mimi nasimama na ya kwanza, na watu hunipinga kwamba inawafunga wachezaji mikono.

Haiwafungi, mkiitumia hivi: kilichoonekana kimefungwa, kisichoonekana kiko wazi.

Makumbusho ya Reli hapa Nairobi kuna behewa namba 12. Juni 1900, kituoni Kima, afisa wa polisi wa reli Charles Ryall alikuwa ndani yake na wenzake wawili, Huebner na Parenti, wakimvizia simba aliyekuwa akila watu. Ryall akashika zamu, usingizi ukamchukua. Simba akaingia kwa mlango wa kusukuma, mlango ukajifunga nyuma yake, akatoka dirishani na Ryall mdomoni. Tulikwenda kuliona behewa hilo kikundi kizima, tukasimama pale tukilipima dirisha kwa macho.

Jumamosi iliyofuata mhusika wa Sista akapata njia ya kurudi usiku ule, na akataka kumwokoa Ryall. Kwa njia ya tatu angejaribu, dadu lingeamua, na sisi tungebaki na behewa la makumbusho lisilo na maana. Kwa kanuni yetu tuliandika safu mbili. Kimefungwa: Ryall anakufa, simba anatoka dirishani, wenzake wanapona. Wazi: Ryall alikuwa na nini mfukoni, nani alikuwa nje gizani, mlango ulijifungaje. Masimulizi yanasema behewa lilikuwa limeinama kidogo na mlango ukateleza. Sista akaitazama safu ya pili, kisha akasema, "Haukuteleza. Niliufunga mimi, kwa nje." Kwa nini? Kwa sababu upande ule wa mlango, katika hadithi yetu, walikuwa wamelala vibarua wa reli, na mmoja wao alikuwa babu wa mhusika wa Fundi.

Meza ikanyamaza, kisha wote wakaongea kwa pamoja. Hakubadilisha hata neno moja la historia. Bei ikalipwa papo hapo, maana tangu usiku huo mhusika wake anajua alichomfanyia Ryall.

Unabii uendesheni kwa kanuni hiyohiyo. Syokimau wa Wakamba anasimuliwa kuwa alitabiri nyoka mrefu atokaye baharini, na Mugo wa Kibiro wa Wakikuyu alitabiri nyoka wa chuma. Maneno ya nabii yafungwe, maana yake iachwe wazi. Reli ilikuja kuwa nyoka baada ya kufika. Kabla ya hapo ingeweza kuwa mto, jeshi au ugonjwa. Mwendeshaji anayetoa unabii wenye maana moja tu anajitafutia ubishi.

Kama mnataka ladha ya wakati bila maumivu yake, tumieni kumbukumbu za nyuma kama zilivyo katika Blades in the Dark, mchezo wa John Harper wa 2017. Mchezaji anasimamisha tukio na kusema, "Jana nilimhonga huyu mlinzi." Analipa kwa msongo wa mhusika wake, kidogo au kingi kulingana na ugumu wa alilolifanya. Hawezi kufuta kilichokwisha kutendeka mezani. Tazama, bei tena.

Fizikia ipewe kikombe kimoja cha chai, isizidi. Mwalimu akianza na Kurt Gödel, ambaye mwaka 1949 alionyesha kuwa milinganyo ya Einstein inaruhusu njia inayozunguka na kurudi wakati uleule ilikoanzia, tunamsikiliza kwa sababu ni tamu. Akifika kwa Stephen Hawking, aliyeandaa karamu ya wasafiri wa wakati mwaka 2009 na kutoa mialiko baada ya karamu kwisha, tunacheka kwamba hakuna aliyefika. Halafu turudi mezani. Mtu akiuliza kuhusu kumuua babu yako kabla hajazaa, jibu la njia ya kwanza ni fupi: utajaribu, utashindwa, tupa dadu tujue umeshindwa vipi.

Jambo dogo la karani: mhusika akirudi nyuma, andikeni saa kwa mtindo mmoja. Saa tatu ya kwetu ni saa tisa ya hati za reli, na kuna miaka ambayo saa za Kenya zilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45, si tatu kamili. Mtu akikosa treni kwa sababu hiyo, ni haki yake kugomba.

Daftari

Daftari liwe la karatasi. Kundi la WhatsApp linameza kanuni; kesho yake zimefunikwa na picha za harusi. Kila kanuni iwe na tarehe, bei, na jina la aliyeomba. Ikibadilishwa, ya zamani ipigwe mstari mmoja isomeke bado, na yaliyotokea chini yake yabaki vilevile. Kanuni mpya inaanzia pale ilipoandikwa, haina safari ya kurudi nyuma, hata kwenye mchezo wa kurudi nyuma.

Mgeni akija, apewe daftari asome kabla ya kutengeneza mhusika. Anaruhusiwa kupinga kanuni moja, yoyote, siku hiyohiyo, maana baada ya hapo atakuwa na maslahi kama sisi. Na kwa kuwa ndiye aliyeanzisha ubishi, ndiye anayebandika maji.