Kumfunga bwana harusi nguo ya Kilao isimfunguke

Binamu yangu alioa Vientiane, mji mkuu wa Laos, na mimi ndiye niliyemvisha. Nguo ilimfunguka mara mbili kabla hatujatoka chumbani. Ukiwa umezoea kikoi usijiamini mapema: kikoi unakifunga kiunoni basi, hii ina mkia unaopita katikati ya miguu ukachomekwa mgongoni. (Kwa harusi ya Vietnam ni rahisi. Áo dài ya kiume inavaliwa kama kanzu juu ya suruali, na kilemba chake huja kimeshaviringwa.)

Hatua ya 1. Tafuta hariri nzito, urefu wa mita 3 hivi, upana mita 1. Ile iliyoshonwa tayari kwa zipu iache dukani. Mikunjo yake haina uhai, na kiuno chake hakikubali mtu aliyenenepa.

Hatua ya 2. Kaptura ya kubana ndani. Lazima.

Hatua ya 3. Pitisha nguo nyuma, pande mbili zilingane. Zikutanishe kitovuni, vuta hadi ibane, funga kona za juu fundo dogo.

Hatua ya 4, mkia. Hapa tulipoteza saa nzima. Shika kingo zote mbili zinazoning'inia, zilaze pamoja, uzikunje kwa ndani kidogo kidogo mpaka upate mkia bapa. Usiusokote kama kamba. Tulipousokota ulimkata mapajani na kuteleza kiunoni. Upitishe katikati ya miguu, lakini kabla ya kuuvuta mwambie achuchumae kidogo. Tulimfunga amesimama wima, magoti yakakataa kukunja, na kwenye baci, ile sherehe ya kufungwa nyuzi za baraka mikononi, mtu anakaa chini, miguu kaikunjia upande mmoja, muda mrefu. Akiwa amechuchumaa ndipo upandishe mkia, uuchomeke nyuma kwa kina cha kiganja. Hariri mpya huteleza, kwa hiyo mimi hutanguliza utepe wa pamba kiunoni, halafu mkanda juu ya vyote. Achuchumae na kusimama mara tatu. Mkia ukilegea, rudi hatua ya 3. Kuvuta mkia peke yake hupindisha mbele.

Hatua ya 5. Koti jeupe la kola ya kusimama, kisha pha biang, ile skafu ndefu, bega la kushoto.

Jioni, wakati wa kumvua, nyuzi nyeupe alizofungwa mikononi usizikate. Zikae siku tatu.