Jinsi ya Kuota Huku Ukijua Kwamba Unaota

Ndoto ya kujitambua ni ile ambayo mtu, akiwa bado amelala fofofo, anang'amua kwamba anayoyaona ni ndoto, na badala ya kuzinduka anaendelea kuota akiwa na akili zake timamu. Jambo hili si geni, wala si la watu wachache wenye kipaji. Aristotle aliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwamba mara nyingi mtu aliyelala huwa na kitu ndani yake kinachomwambia kuwa analoliona ni ndoto, na uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba takriban asilimia 55 ya watu wamewahi kuota hivyo angalau mara moja maishani. Pengine nawe ulishawahi utotoni, ukikimbizwa na mbwa, ukajiambia kwamba hii ni ndoto tu, kisha ukaamka.

Wanasayansi walichelewa kuliamini jambo hili kwa sababu walikuwa na maneno ya waotaji pekee. Aprili 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull nchini Uingereza, mtafiti Keith Hearne alimrekodi Alan Worsley akiwa usingizini baada ya kukubaliana naye kwamba, akijitambua ndotoni, apeleke macho kushoto na kulia kwa mpangilio maalumu. Worsley alifanya hivyo huku vipimo vikionyesha kwamba amelala. Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alipata matokeo ya namna hiyo hiyo na kuyachapisha mwaka 1981. Macho ndiyo yaliyochaguliwa kwa kuwa ndoto zilizo wazi zaidi hutokea katika hatua ya usingizi ambayo ubongo huilegeza misuli karibu yote ya mwili isipokuwa ya macho na ya kupumulia. Mwaka 2021 watafiti walikwenda mbali zaidi: waliwauliza waliolala maswali mepesi ya hesabu, kama vile nane kutoa sita, na baadhi yao wakajibu sawasawa kwa kuyapeleka macho huku na huku bila kuamka.

Sasa tuje kwenye hali yenyewe. Chukua mtu wa Kisumu anayeota kwamba anateremka Barabara ya Oginga Odinga, na kando ya barabara, mahali pa matatu, pameegeshwa mitumbwi yenye makanga wanaoita abiria. Mwanzoni haoni ajabu yoyote, maana ndotoni akili hukubali kila inacholetewa. Kisha anatazama mtumbwi mmoja, anaona maji yakidondoka kutoka kwenye kasia na kulowesha lami, na wazo linamjia: mitumbwi haipiti barabarani, kwa hiyo naota. Papo hapo kila kitu hukolea. Rangi hung'aa, mistari ya kiganja huonekana, joto la lami husikika chini ya nyayo, na furaha ya ghafla humjaa kifuani. Anakumbuka jina lake, na anajua kwamba mwili wake uko kitandani chini ya neti, ingawa hauhisi. Wengi husema kwamba wakati huo huonekana halisi kuliko mchana wenyewe, nami nakubaliana nao kabisa.

Hata hivyo, kujitambua si kutawala kila kitu. Unaweza kutaka kuruka ukapanda hadi kimo cha paa tu na kuanza kushuka, au ukamwita mtu asitokee, na watu wa ndotoni huendelea na mambo yao kana kwamba hukusema neno. Mara nyingi ndoto zenyewe ni fupi, hasa za mwanzo, kwa sababu furaha ile ile humwamsha mwenyewe. Dalili ya kwanza ya kuisha ni mandhari kufifia na sauti kupotea, huku uzito wa mwili kitandani ukianza kurudi.

Hatua ya kwanza, ambayo naiona kuwa muhimu kuliko mbinu zote, ni kuulinda usingizi wa alfajiri. Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90. Katika mizunguko ya mwanzo usingizi mzito ndio hutawala, na hatua ya ndoto hudumu dakika chache tu, lakini kadiri kunavyokaribia kucha hatua hiyo hurefuka hadi kufikia nusu saa au zaidi. Maana yake ni kwamba anayelala saa tano usiku na kuamka saa kumi alfajiri, iwe ni kuwahi samaki kwenye ufuo wa Dunga, kuitoa matatu stejini au kumwandaa mtoto wa shule, anayakata yale yale masaa yaliyobeba ndoto. Huku kwetu Kisumu watu wengi wanaosema kwamba hawaoti wanaota kama wengine; wanachokosa ni usingizi wa mwisho. Kama kazi haikuruhusu kulala hadi kupambazuke, lala mapema zaidi, au tenga usiku wa kuamkia siku yako ya mapumziko. Sisi tulio karibu na Ikweta, ambayo inapita hapo Maseno, tuna bahati moja: jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, kwa hiyo ratiba ya kulala uliyoipanga mwezi Januari itakufaa hata Julai.

Pili, jifunze kuzikumbuka ndoto za kawaida, kwani ukijitambua ndotoni na kusahau asubuhi utakuwa hukupata kitu. Weka daftari na kalamu karibu na mto. Unapoamka usijigeuze, usifungue macho haraka, na usiguse simu. Baki hivyo hivyo na ujiulize ulikuwa wapi, na nani, na kabla ya hapo kulikuwa na nini. Andika hata kama umepata kipande tu, kwa lugha yoyote ambayo ndoto ilikuja nayo, Dholuo, Kiluhya au Kiswahili. Baada ya majuma kadhaa pitia daftari ukitafuta yanayojirudia: mtihani usiousomea, gari lisilofika, nyumba ya zamani iliyoongezeka vyumba. Hayo ndiyo yatakayokujulisha ndotoni kwamba unaota, na kila mtu ana yake.

Marehemu nao hujirudia, na hapa nataka kusema kwa uangalifu. Kwa Waluo, na kwa baadhi ya majirani zao, babu au nyanya aliyefariki akimjia mtu ndotoni huenda mtoto akapewa jina lake, na ndoto ya namna hiyo husimuliwa kwa wazee. Kujua kwamba unaota hakukulazimishi kuidharau desturi hiyo. Ukimwona nyanya yako naye alishazikwa, huo utakuwa utambulisho wa ndoto ulio wazi kabisa, lakini unaweza kuketi naye na kumsikiliza kwa heshima ile ile uliyompa akiwa hai, na asubuhi ukawaeleza wakubwa wako kama ilivyo kawaida ya nyumbani.

Tatu, zoea kuhakiki mchana. Ndotoni maandishi hayatulii, hivyo kipimo kizuri kwetu ni ujumbe wa M-Pesa: soma salio, tazama pembeni, kisha usome tena. Ukiwa macho, tarakimu hubaki zile zile. Ukiwa ndotoni, aghalabu hubadilika, au herufi za muamala hugeuka kuwa maneno yasiyo na maana. Kipimo kingine, ambacho mimi hukitegemea zaidi, ni kubana pua kwa vidole huku mdomo umefumbwa na kujaribu kuvuta pumzi. Ndotoni pumzi hupita. Wengine hupendekeza swichi ya taa, kwa kuwa ndotoni taa mara nyingi hukataa kuwaka au kuzimika, lakini mahali ambapo stima hupotea mara kwa mara kipimo hicho hakisaidii. Muhimu ni kuuliza kwa dhati. Anayebana pua huku akiwaza mambo mengine atabana pua hivyo hivyo ndotoni na asigundue lolote, kwa hiyo kila mara kumbuka pia umefikaje hapo ulipo na ulikuwa wapi dakika kumi zilizopita. Usifanye majaribio haya ukiendesha gari au pikipiki, wala ukivuka barabara.

Nne ni zoezi la usiku, lililotengenezwa na LaBerge, nalo hutegemea kumbukumbu. Tega kengele ilie baada ya saa tano hivi za usingizi. Anayeishi karibu na msikiti na kulala mapema anaweza kutumia adhana ya alfajiri. Ukiamka, kaa macho kwa dakika 20 hadi 40, usome daftari lako kwa mwanga hafifu, kisha urudi kitandani na kuichomeka neti vizuri, maana mbu mmoja anatosha kuharibu zoezi lote. Sasa irudie akilini ndoto uliyotoka kuiota, ufike pale palipokuwa na jambo lisilowezekana, na ujione ukilitambua. Jiambie, ukimaanisha: "Nitakapoota tena, nitakumbuka kwamba naota." Rudia picha na maneno hayo hadi usingizi ukuchukue.

Ndoto ikija na ukajitambua, sekunde za mwanzo ndizo huamua. Usipige kelele za furaha na usiruke mara moja. Sugua viganja vyako kwa nguvu hadi uhisi joto, tazama ardhi, gusa ukuta, useme polepole kwamba unaota. Picha zikianza kufifia, jizungushe uliposimama huku ukitarajia kwamba ndoto itaendelea. Uwe umeamua mapema jambo moja dogo la kufanya, kwa mfano kupita ukutani au kuonja chakula, kwa sababu anayeanza kutafakari la kufanya huchukuliwa tena na hadithi ya ndoto. Anayesumbuliwa na ndoto za kutisha anaweza kugeuka na kumuuliza anayemkimbiza anataka nini. Wengi waliofanya hivyo husimulia kwamba yule mtu hubadilika au kunywea.

Kuna tahadhari ambazo sitaki mtu azipuuze. Zoezi la usiku linaweza kuleta jinamizi, yaani kuzinduka huku mwili ukiwa bado umelegezwa, huwezi kusogea, na pengine unahisi kuna mtu chumbani. Linatisha lakini kwa kawaida halidhuru: pumua taratibu, jaribu kusogeza kidole kimoja, nalo litaondoka lenyewe. Uchovu na kulala chali huliongeza. Aliyewahi kuugua maradhi ya akili yanayomfanya aone au asikie yasiyokuwapo, au mwenye kifafa, asijikatishe usingizi bila kuzungumza na daktari wake. Baadhi ya dawa, kama vile mefloquine ya malaria na efavirenz ya virusi vya UKIMWI, hujulikana kuleta ndoto kali. Ukipata ndoto hizo, mweleze mhudumu wa afya, wala usiache dawa. Dereva au mwendesha bodaboda asitege kengele ya usiku kama kesho yake ana kazi.

Kufanya zoezi la usiku mara moja au mbili kwa juma kunatosha, na wengi huhitaji majuma au hata miezi kabla ya ndoto ya kwanza. Mwezi ukipita bila kitu, usiongeze mbinu. Rudi kwenye daftari: kama hakuna angalau ndoto moja iliyoandikwa kwa kila asubuhi ya mapumziko, tatizo liko kwenye masaa ya kulala, na hayo ndiyo ya kurekebisha kwanza.