Jinsi ya kumwomba mzazi akulipie hobi yako ya kila mwezi (na akubali)

Wengi mnakosea hapa mwanzoni kabisa. Mzazi akichomoa ukimwambia akulipie aplikesheni ya masomo ya gitaa, mnadhani kaichukia gitaa. Hamna. Gitaa lenyewe angeweza hata kukununulia, kwa sababu gitaa analipa mara moja, linaonekana pale ukutani, na ukilichoka atampa binamu yako. Kinachomshtua ni hilo la "kila mwezi". Hela inatoka, anayepokea haonekani, hakuna kitu mkononi, na swali linalozunguka kichwani kwake ni moja tu: hii itaisha lini na nani ataizima? Sasa kazi yako yote, kuanzia unavyojiandaa mpaka unavyofungua mdomo, ni kulijibu hilo swali kabla hajaliuliza.

Mi siku hizi niko upande wa wanaoombwa, nina wangu na wa kaka zangu juu yake, kwa hiyo najua vizuri ni ombi gani linanifanya nitoe simu na lipi linanifanya nijifanye sijasikia.

Maliza ya bure kwanza, na uwe na ushahidi

Kabla hujaenda popote tumia kitu cha bure mpaka ukutane na ukuta. Sio kwa sababu ya unyenyekevu, ni kwa sababu swali la kwanza utakaloulizwa ni "kwani ya bure ina nini?" na ukibabaika hapo imekwisha. Mfano we unacheza chesi, unataka kulipiwa uanachama wa Chess.com. Sawa, ila Lichess, tovuti nyingine ya chesi, ipo tangu 2010, ni bure yote, haina matangazo, ina mafumbo na kompyuta ya kukuchambulia mechi, na inaendeshwa kwa michango ya watu. Mjomba mmoja akilijua hilo na akalisema mbele ya baba yako, utajibu nini? Kama jibu lako ni "ile nyingine ni nzuri zaidi", rudi kajipange. Kama jibu ni "kuna mfululizo wa masomo ya mwisho wa mechi ndo nimefikia, na upande wa bure napewa kidogo kwa siku halafu inafunga", hapo unaongea kitu.

Kwenye kuchora ni hivyohivyo, Krita ni bure kabisa kwa kompyuta, Blender ni bure kwa wale wa 3D, kwa hiyo usiombe programu ya kulipia kisa tu msanii fulani unayemfuatilia anaitumia. Na watu wa muziki angalieni, programu ya MuseScore ya kuandikia noti ni bure, lakini tovuti ya MuseScore ya kupakua noti za watu wengine ina sehemu ya kulipia, ni vitu viwili tofauti na nishaona mtu anaombea hela kitu ambacho tayari anacho.

Afu kuhusu ushahidi. Skrinshoti ya kuonyesha umefungua aplikesheni siku nyingi mfululizo haimsaidii mzazi yeyote, kwake hiyo inamaanisha umekaa na simu siku nyingi mfululizo! Mwonyeshe kazi. Mchoro wa zamani na wa sasa viwekwe pamoja. Wimbo uliokuwa unakwamia katikati sasa unaupiga mpaka mwisho, upige akiwa anapita sebuleni, usimwite, we piga tu. Mzazi akishasikia maendeleo kwa masikio yake mwenyewe, siku ya ombi nusu ya kazi ishafanyika.

Jua bei kuliko anavyoijua anayeuza

Hapa ndo pana mitego na hapa ndo mzazi anakupima kama umekua. Fungua ukurasa wa malipo, soma yale maandishi madogo ya chini. Mara nyingi bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni "kwa mwezi" ila chini kidogo wanasema unakatwa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Ukimwambia mama bei ile kubwa halafu simu yake ikaingia meseji ya makato mara 12 yake, hata kama hukufanya makusudi, kwake wewe ni mwongo. Kwa hiyo nenda na namba mbili zote, ya mwezi na ya mwaka, na useme unaomba ipi.

Ushauri wangu, omba ya mwezi mwezi hata kama ya mwaka inatoka rahisi ukigawanya. Ya mwaka ni rahisi kwa mtu ambaye hatachoka, na mzazi wako ana sababu zote za kuamini utachoka, ameshaona karate, ameshaona kinanda, ameshaona ule mwezi wa kukusanya sarafu.

Siku za majaribio ya bure nazo zina lao. Zikiisha bila kughairi unakatwa, haikuulizi mara ya pili. Kwa waliojiunga kupitia Apple unatakiwa ughairi angalau masaa 24 kabla ya mwisho, sio dakika ya mwisho. Na hili liandike mahali: kufuta aplikesheni kwenye simu HAKUGHAIRI malipo. Unaifuta, unaisahau, hela inaendelea kutoka. Kwa Android unaingia Play Store, bonyeza picha yako pale juu, malipo na usajili, kisha usajili, unaikuta pale ndo unaghairi. Kwa iPhone ni kwenye mipangilio, bonyeza jina lako, tafuta orodha ya vitu ulivyojiunga. Ila kama mlilipia kwenye tovuti ya wenyewe, huko kwenye simu haitaonekana kabisa, inabidi mkaghairie hukohuko kwenye tovuti. Linganisha na bei pia, wakati mwingine tovuti ni rahisi kuliko ndani ya aplikesheni, sababu Apple na Google wanakata komisheni yao na wauzaji wengine wanaiongeza kwenye bei yako.

Kitu kingine, angalia kama nyumbani kuna mtu tayari analipia kifurushi cha familia cha hiyohiyo huduma. Apple na Google wote wanaruhusu kundi la familia la mpaka watu 6, sio kila huduma inashirikishwa humo lakini kuuliza hakugharimu kitu, na mzazi atapenda sana kusikia kuwa umeuliza.

Siku yenyewe

Usimvizie mlangoni akiwa ndo anaingia kutoka kazini. Usiombe akiwa amekaa na bili. Na usiombe mbele ya wageni, ule ni mtego na anajua ni mtego, atacheka nao, atasema "tutaona mwanangu", wageni wakiondoka utajua ulichofanya. Pia acha kabisa mchezo wa kumwambia baba kuwa mama amekubali na mama kuwa baba amekubali. Usiku wanaongea hao.

Kuna wazazi hawapendi kuulizwa wala kujibu papo hapo, ukimkalisha chini anajiona kama amewekwa kikao. Huyo mtumie meseji moja WhatsApp, fupi, yenye bei na tarehe, umwachie. Wengine wote ongea nao ana kwa ana, hivi:

— Mama, una dakika kumi? Kuna jambo nataka tuongee, sio baya.
— Hela.
— Ndiyo ni hela, ila naomba unisikilize kwanza.
— Haya.
— Unajua nachora kwa simu tangu likizo. Hiki ni cha mwanzo, hiki ni cha wiki hii. Nimetumia masomo ya bure mpaka yameisha, yaliyobaki ni ya kuchora mikono na sura na yamefungwa mpaka ulipie. Naomba unilipie mwezi mmoja. Bei ni hii, nimeiandika, na ukiamua tuendelee mpaka miezi mitatu jumla ni hii. Tukishalipa tu naghairi hapahapa mbele yako, mwezi unaendelea mpaka mwisho kisha inakata yenyewe. Ukitaka niendelee, wewe ndo utalipa tena kwa mkono wako.

Hilo la mwisho, la kughairi mbele yake, ndo silaha yenyewe. Huduma nyingi ukishalipia mwezi halafu ukaghairi siku hiyohiyo, unaendelea kutumia mpaka mwezi ulioulipia uishe, kinachozimika ni makato ya mbele tu. (Ya majaribio ya bure usiyafanyie hivi kabla hujasoma masharti, nyingine ukighairi tu inafunga hapohapo.) Mwonyeshe ile sehemu inayoandika tarehe ya kuisha, mpe simu aishike aisome mwenyewe. Mzazi aliyekuwa anaogopa kitu kisichoisha sasa ameshika tarehe mkononi. Mi nikiombwa hivi hata nikiwa sina mpango wa kulipa naanza kutafuta kadi.

Na kama tatizo lake ni kadi, yaani hataki namba za kadi ya benki zikae kwenye simu yako, ana haki, usibishane naye. Mwambie kuna kadi za zawadi za Google Play na za Apple, unaweka kiasi kinachotosha na kikiisha hakuna cha kukata. Au aweke ile mipangilio ya kwamba kila ununuzi lazima uidhinishwe na yeye kwanza. Ukiipendekeza wewe mwenyewe kabla hajaiwaza, utaona macho yanavyolegea.

Ahadi punguza. Najua pale mdomo unakuwa mtamu, nitaosha vyombo, nitaamka mapema, nitakuwa wa kwanza darasani, tulia. Ahidi kitu kimoja kidogo ambacho unaweza na kinaonekana, mfano unaanza kuchora baada ya kazi za shule na sio kabla. Mambo ya kuwa wa kwanza usiyaguse, ukishuka nafasi mbili tu hobi ndo itashtakiwa, hata kama ulishuka kwa sababu ya hesabu ambazo zimekushinda tangu zamani. Kama una akiba yako ya zawadi, kusema "mi natoa robo" kunaongea kuliko ahadi zote hizo.

Akisema hapana

Sikiliza ni hapana ya aina gani. "Kamuulize baba yako" sio hapana, ni kwamba mwenye uamuzi ni mwingine, nenda na maneno yaleyale usibadilishe hata bei. "Tutaona" uliza kwa adabu, nikukumbushe lini? Ukipewa tarehe usikumbushe kabla yake, kila ukikumbusha mapema unaisogeza mbele. "Na shule je?" hapo toa ratiba, siku gani na saa ngapi, usitoe hotuba. "Huko kuna watu gani?" ni swali la msingi sana hasa kama kuna sehemu ya kuchati na watu usiowajua, fungua aplikesheni mkae nayo pamoja, mwonyeshe, na kama kuchati kunazimika zima akiwa anaona.

Ila kuna ile hapana ya hela hakuna. Hiyo huwa haisemwi wazi, unaiona kwa namna anavyonyamaza, anavyoangalia pembeni. Ukiiona achia hapohapo, sema sawa mama nitaendelea na ya bure, na uendelee kweli, bila kununa wala kufunga milango kwa kishindo. Ukija kuomba mwezi mmoja tu wa likizo baadaye, au badala ya zawadi ya siku ya kuzaliwa, atakumbuka ulivyopokea ile ya kwanza.

Mambo ya "mbona mama yake fulani kamlipia" sitaki hata kuyaelezea. Na kubonyeza kulipia kisirisiri kwa sababu kadi imehifadhiwa kwenye simu ni wizi, hata kama utarudisha, na baada ya hapo usahau kulipiwa chochote kwa miaka.

Akikubali

Siku za mwanzo atakuwa anaangalia kimya kimya kama kweli unaitumia, kwa hiyo itumie, na sehemu uliyosema imefungwa ndo uanze nayo, sio ukimbilie mapambo. Mwonyeshe kitu kimoja kabla mwezi haujaisha. Siku chache kabla ya tarehe mwambie mwenyewe, inaisha Ijumaa, naona imenisaidia hapa na hapa, naomba mwezi mwingine. Au mwambie ukweli kwamba umechoka nayo, usilipe tena. Watoto wengi wanaficha hili wakidhani watachekwa, wakati mtoto aliyewahi kuniambia mwenyewe "usilipe, siitumii" akija na ombi jingine huwa hata simhoji sana.

Risiti hakikisheni inaenda kwenye barua pepe ya mzazi na sio yako. Na mkishaghairi rudini mkaangalie kesho yake kama pale bado pameandikwa tarehe ya kuisha, maana ukibonyeza ghairi huwa wanakuletea maswali ya kwa nini unaondoka na ofa ya punguzo, watu wanaishia hapo wakidhani tayari, kumbe bado kitufe cha mwisho kilikuwa chini kabisa.