Kumlilia Mungu wakati wa majaribu: mwongozo kwa Wakristo wa Malindi

Upepo wa kusi ukishika, kuanzia Aprili hivi, nyumba nyingi za Malindi hubanwa kwa pamoja. Mashua za Mayungu na Ngomeni hukaa ufuoni siku kadhaa, hoteli hupunguza wafanyakazi au kufunga kabisa, na mwenye tuktuk huzunguka mji mzima asipate hata pesa ya mafuta. Ongeza ugonjwa au msiba juu ya hayo. Ndipo wachungaji na makatekista wanapoulizwa swali lile lile: mbona naomba na moyo hautulii?

Mara nyingi muulizaji anaomba sana, ila maombi yake hayagusi lile linalomla rohoni. Anashukuru kwa siku njema huku mwenye nyumba ameshatia kufuli lake mlangoni. Amani inayoahidiwa katika Wafilipi 4:6-7 imetolewa pamoja na utaratibu wake: haja zijulishwe Mungu, kila moja, kwa kusali na kuomba na kushukuru. Paulo aliandika hayo akiwa kifungoni, kwa hiyo hakuwa akiwaambia watu ambao mambo yao yamenyooka.

Kwanza jua unapambana na nini

Watu huita kila kitu vita vya kiroho, na hapo ndipo wanapopotea. Shida iliyokufika bila kosa lako, kama kufiwa au kuachishwa kazi, huombolezewa. Kishawishi, kiwe ni pombe ya mnazi ya mangweni, majani ya muguka ya kutafuna au mume wa mtu, hukimbiwa; Yusufu aliacha vazi lake mkononi mwa mke wa Potifa akatoka mbio (Mwanzo 39:12), hakubaki chumbani akikemea. Dhambi huungamwa, na kilichochukuliwa hurudishwa. Mweka hazina wa chama aliyekula pesa za wenzake asitarajie kutulizwa na kesha la maombi. Aanze kuzirudisha, hata kwa awamu za shilingi 500. Halafu kuna ukavu, pale maombi hayana ladha na Biblia haisomeki ingawa hakuna kosa unalolijua. Huo huvumiliwa: punguza maneno, lakini saa yako ya maombi usiiache.

Kosa linaloumiza zaidi ni kumtaka mfiwa atubu. Rafiki za Ayubu walifanya hivyo, na mwisho wa kitabu Mungu akawakasirikia wao (Ayubu 42:7). Walipokaa naye chini siku 7 usiku na mchana bila kusema neno, walikuwa wanafanya vizuri. Waliharibu walipofungua midomo.

Mwili ushughulikiwe mapema

Eliya alipochoka hata akaomba afe, Mungu hakuanza na mahubiri. Alimwacha alale chini ya mretemu, malaika akamgusa akampa mkate na gudulia la maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili (1 Wafalme 19:4-8). Swali la "Unafanya nini hapa, Eliya?" lilikuja baadaye, baada ya safari ndefu.

Basi kwa siku 3 za kwanza za jaribu zito, usijipangie kesha. Kula angalau mara 2 kwa siku, hata kama ni sima na mchicha tu. Kunywa maji, maana joto la pwani peke yake linatosha kukuumiza kichwa ukadhani ni pepo. Lala mapema, na simu ikae mbali na kitanda. Anayesoma jumbe za madeni saa saba za usiku hatapata usingizi hata akiwekewa mikono. Sala ya siku hizo inaweza kuwa mstari mmoja unaorudiwa. Yesu mwenyewe Gethsemane alirudia maneno yale yale mara 3 (Mathayo 26:44), kwa hiyo usione haya kukosa maneno mapya.

Namna ya kuomboleza kwa Zaburi

Hii ndiyo kazi yenyewe, na wengi hawajawahi kufundishwa. Tumeambiwa mno kwamba kulalamika ni kukosa imani. Lakini fungua Zaburi uone ni ngapi zinazoanza kwa kilio. Mungu ametuwekea humo maneno ya kumlalamikia yeye, na tukiyaacha tunabaki kumlalamikia jirani.

Anza na Zaburi ya 13. Ina mistari 6 tu na inagawanyika vizuri: mistari 1 na 2 ni malalamiko, 3 na 4 ni ombi, 5 na 6 ni tumaini. Unahitaji daftari dogo la shilingi chache, kalamu na dakika 20. Wakati mzuri kwetu hapa ni alfajiri. Adhana ikishaadhiniwa mtaa mzima umeamka, watoto bado wamelala, na kuna baridi kidogo. Kama mnalala chumba kimoja, toka ukae kibarazani. Ufuo wa Silversands nao ni mtulivu saa hizo, ila usiende peke yako kabla jua halijatoka.

Isome Zaburi yote kwa sauti, polepole, mara 2. Kisha andika malalamiko yako mwenyewe, mistari 4 au 5, ukianza na "hata lini" kama Daudi alivyoanza; katika mistari miwili tu yeye amelisema mara 4. Taja vitu kwa majina yake. "Bwana, ninapitia magumu" haitoshi. Andika hivi: "Bwana, ni wiki ya sita tangu hoteli ifunge. Mwenye duka ananidai shilingi 2,300 na mimi napita njia ya nyuma ili asinione. Mtoto anakohoa usiku kucha na wewe umenyamaza. Hata lini?" Mkono ukitetemeka au machozi yakikutoka, acha yatoke, usikimbilie mstari unaofuata.

Baada ya hapo andika ombi, moja au mawili, madogo kiasi cha kuweza kutambua yakijibiwa: "Nipatie kibarua cha siku 3 wiki hii, na unipe ujasiri wa kupita mbele ya duka nimwambie nitamlipa lini." Ona kwamba ombi la pili linakudai wewe mwenyewe jambo la kufanya kabla ya jioni. Lifanye. Hofu ya kukutana na mtu mara nyingi hunyima usingizi kuliko deni lenyewe.

Sehemu ya mwisho ni tumaini, nalo liandikwe kwa kukumbuka tendo moja la kweli ambalo Mungu amekutendea: mwaka ule mtoto alipolazwa mkavuka, au ndugu aliyetokea na ada siku ya mwisho. Kama hukumbuki lolote, nakili mstari wa 5 kama ulivyo. Soma ukurasa wote kwa sauti, funga daftari, nenda kazini.

Fanya hivyo kila alfajiri kwa wiki 2. Wiki ya kwanza kaa na Zaburi ya 13 peke yake. Wiki ya pili ongeza ya 42, ambamo mtu anaiuliza nafsi yake kwa nini imeinama, na ya 77. Kila Jumamosi jioni pitia kurasa za wiki. Ombi lililojibiwa liandikie tarehe pembeni.

Yapo makosa yanayoharibu zoezi hili. La kwanza ni kuruka kwenda mstari wa 5. Mtu anaona aibu kulalamika, anaandika sifa ukurasa mzima, na moyo unabaki umefura vile vile. La pili ni kuandika mambo ya jumla, "nibariki, nilinde", ambayo hata yakijibiwa hutajua. La tatu ni kugeuza malalamiko kuwa laana ya jirani. Zaburi zenye maneno makali zipo, ya 109 ni mojawapo, na hasira yako unaweza kuipeleka mbele za Mungu ilivyo, lakini ikishafika kwake kisasi ni chake (Warumi 12:19), wewe usiende kumngoja mtu kichochoroni.

Na kama siku 14 zikiisha na hujaonja utulivu, usijihukumu. Zaburi ya 88 huanza kwa kilio na kuishia gizani, bila mstari hata mmoja wa sifa mwishoni, na bado imo ndani ya Biblia kama sala halali. Paulo naye aliomba mara 3 aondolewe mwiba, haukuondolewa. Alichopewa ni neema ya kutosha (2 Wakorintho 12:7-9). Sali hiyo ya 88 siku ambazo huwezi kuandika tumaini bila kudanganya.

Kufunga, na mipaka yake

Kwetu hapa jambo hili halisemwi kwa wepesi. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola ndani ya kaunti yetu ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwamo, ya watu walioambiwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Watu wale walikuwa wakitafuta amani kama wewe unavyoitafuta. Kwa hiyo tunaweka mipaka, na tunaisema wazi.

Kufunga kunakotosha ni siku 1 kwa wiki, kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, huku ukinywa maji mchana kutwa, lita 2 hivi. Saa ya chakula cha mchana isipite bure: iwe ya Zaburi, na pesa ya chakula hicho impe mwenye njaa, maana ndiyo saumu inayotajwa katika Isaya 58:7. Fungua kwa uji au matunda, kisha chakula cha kawaida. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani kwamba umefunga.

Asifunge mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mzee dhaifu, mwenye kisukari au vidonda vya tumbo, wala anayemeza dawa za presha, kifua kikuu au virusi vya UKIMWI. Dawa haziachwi kwa sababu ya saumu. Na mfiwa ambaye tayari hali chakula kwa huzuni, huyo anahitaji kulishwa. Ukiona kizunguzungu, kutetemeka, jasho la baridi au moyo kwenda mbio, kula saa hiyo hiyo. Mungu hakudai saa zilizobaki.

Mwalimu akikuambia ufunge bila mwisho, au akikataza hospitali, au shule kwa watoto, au akitaka uuze shamba uhamie kwake, au usiwaambie jamaa zako mnachofanya, ondoka. Jambo moja kati ya hayo linatosha, usingoje la pili, na kapige ripoti kwa chifu. Vivyo hivyo nabii anayetaka utume "mbegu" kwa M-Pesa ndipo akuombee. Pesa hiyo ndiyo ya mwenye duka.

Usitafute mchawi

Ugonjwa ukikawia au kazi zikikatika, mtu wa nyumbani atasema kuna mkono wa mtu. Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, mvi zao zikifanywa ushahidi. Mkristo asishiriki hata kwa kunong'ona. Waefeso 6:12 inasema vita vyetu si juu ya damu na nyama, maana yake bibi wa shamba la pili si adui yako. Mganga akishataja jina, amani ya nyumba imekwisha kwa miaka, ugonjwa upone usipone. Ukishikwa na shaka juu ya mtu fulani, andika jina lake kwenye daftari, muombee heri kwa siku 7, na katika siku hizo msalimie kila mkionana. Ni kazi ngumu, tunajua. Wengine huanza kwa kuomba huku meno yameumana.

Usibaki peke yako

Chagua watu 2, si kanisa zima. Kila mmoja awe mtu asiyetangaza mambo ya watu, wa jinsia yako, na aliyekwisha kupita shida akabaki mkweli. Wakatoliki mna jumuiya ndogo ndogo, wengine mna ushirika wa nyumbani. Anzia hapo, kisha wazee au mchungaji, kama Yakobo 5:14 inavyoelekeza kwa mgonjwa. Mwambie unachotaka kabla hamjakaa: "Kaka, nataka unisikilize nusu saa, usinishauri leo." Bila hilo atakupa mistari ya Biblia mpaka uondoke umechoka zaidi. Msomee ukurasa mmoja wa daftari lako, kisha aombe yeye kwa dakika 2.

Wewe unayemtembelea mwenye jaribu, nenda na kitu mkononi, unga au sukari, na usimwambie kwamba Mungu ana sababu zake. Kaa. Osha vyombo. Rudi baada ya siku 40 za msiba, watu wanapokuwa wameshatawanyika, kwa sababu hapo ndipo nyumba inapokuwa kimya na mjane anaanza kuhesabu madeni.

Huzuni ikizidi wiki 2 na mtu halali, hali au hawezi kazi, au wakati wowote akisikia sauti au akisema ni heri afe, mpeleke hospitali ya Malindi siku hiyo hiyo, usimwache peke yake njiani wala usiku. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina namba ya bure ya ushauri nasaha, 1199. Maombi yaendelee, na dawa akiandikiwa azimeze. Daktari aambiwe pia kama mgonjwa amekuwa akifunga, na kwa siku ngapi.